Boti ya Faiba Iliyopauka na Namna ya Kurudisha Mng'ao Wake

Pitisha kiganja kwenye ubavu wa boti ya faiba iliyokaa juani miaka kadhaa, iwe Msasani, Nungwi au Watamu, kisha kitazame. Kikitoka na unga mweupe kama wa chaki, boti hiyo imepauka. Wenye boti wengi hudhani ule unga ni chumvi. Huosha, boti ikapendeza kwa muda ikiwa bado ina maji, na ikikauka weupe unarudi palepale. Sabuni haiumalizi kwa sababu unga ule ni ganda la nje la boti lenyewe, linabanduka chembe kwa chembe.

Boti za aina hii zimeongezeka sana pwani. Zinabeba watalii, zinavusha abiria, na miaka ya karibuni serikali ya Muungano na ile ya Zanzibar zimekuwa zikiwakopesha wavuvi boti za faiba. Mtu anayelipa mkopo wa chombo kwa miaka anastahili kujua namna ya kukitunza, na kazi ya kurudisha mng'ao haihitaji karakana kubwa. Inahitaji kivuli, vifaa vichache, mikono isiyo na haraka, na kuelewa jambo moja ambalo mafundi wengi hawamwelezi mteja: kila unaposugua, unapunguza unene wa boti.

Boti ya faiba hujengwa kuanzia nje kwenda ndani. Fundi hupulizia au hupaka ndani ya kalibu tabaka la resini ya poliesta iliyotiwa rangi, liitwalo jelikoti, kisha hulaza nyuma yake mikeka ya nyuzi za kioo iliyolowa resini. Chombo kikitolewa kwenye kalibu, jelikoti ndiyo inayoonekana nje na ndiyo inayozuia jua na maji. Unene wake ni kama nusu milimita, na pembeni huwa mwembamba zaidi. Miale ya urujuanimno huvunjavunja resini ya juu, oksijeni ya hewani ikamalizia, na chembe za rangi zilizokuwa zimeshikwa na resini hiyo zinalegea na kuwa unga. Sisi tuko jirani na ikweta. Kipimo cha miale hiyo pwani yetu hufika au kupita 11 miezi mingi ya mwaka, na 11 ndiko linakoanzia daraja la juu kabisa katika jedwali la Shirika la Afya Duniani.

Ukitaka kuona jua limechukua kiasi gani, bandua stika ya zamani, jina la boti au nembo ya kampuni. Rangi iliyo chini yake ni ile ya siku boti ilipotoka kiwandani. Kwenye boti ya buluu au nyekundu tofauti hiyo inasikitisha. Kwenye nyeupe haionekani sana, ndiyo maana wenye boti nyeupe huchelewa kuchukua hatua.

Baadhi ya watu huipaka boti iliyopauka mafuta ya nazi au dizeli ili ing'ae kabla mnunuzi hajafika. Pengine ni mazoea yaliyotoka kwenye vyombo vya mbao. Jahazi na mashua zilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chini zikapakwa deheni, na mbao zilifaidika kwa sababu mbao hunywa mafuta na kushiba. Jelikoti hainufaiki hivyo. Mafuta yanajaza vinyweleo vya ule unga kwa siku chache, yanakamata vumbi na moshi wa mashine, na siku ya kusugua yanamsumbua fundi kwa sababu ni lazima yatolewe kwanza. Kupaka nta juu ya unga bila kuuondoa ni kosa la aina hiyohiyo.

Kabla ya kununua kitu chochote, pima hali ya boti. Ilowanishe kwa maji matamu sehemu moja ya ubavu. Rangi ikirudi kuwa ya kina chini ya maji, ugonjwa uko juu tu na boti itapona. Ikibaki imefubaa hata ikiwa na maji, au ukiona kivuli cha nyuzi za kioo, jelikoti imekwisha au inakaribia kwisha, na kusugua zaidi kutaharibu. Tazama pia mahali palipobanduka kidogo kwa kugongwa. Ukiona tabaka jembamba la rangi moja limekaa juu ya tabaka jingine, boti hiyo ilishapakwa rangi, na rangi haivumilii msasa kama jelikoti inavyovumilia. Nyufa ndogondogo zilizotawanyika kutoka sehemu moja, au malengelenge chini ya mstari wa maji, ni kazi ya ukarabati na inatangulia kabla ya mng'ao.

Boti ipandishwe nchi kavu na kuwekwa juu ya magogo, chini ya banda au turubai. Kutegemea maji kupwa hakutoshi hata wakati wa bamvua, kwa sababu saa zile zinakwisha ukiwa bado upande mmoja. Adui mwingine ni mchanga. Punje moja ikinasa kwenye pedi itachora mistari ya duara ubavu mzima, na upepo wa kusi unaileta bila kukoma. Mwagia maji mchanga uliozunguka boti, na usiweke pedi wala kitambaa chini hata mara moja. Kwa boti za watalii, Aprili na Mei ni miezi mizuri kwa sababu kazi imepungua, ilimradi kuna paa la kuzuia mvua za masika.

Osha kwa maji matamu na sabuni ya maji isiyo kali. Achana na unga wa kusugulia masinki, brashi ya waya na uzi wa chuma wa kusafishia sufuria. Vipande vya chuma hubaki kwenye vitundu na kuota kutu. Doa la kutu lililoshuka kutoka kwenye boliti hutoka kwa asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa, ukiwa umevaa glavu na miwani, kisha ukaisuuza kwa maji mengi. Doa dogo hata ndimu inaliweza ukiipa muda. Mabaki ya mafuta na nta ya zamani yafute kwa thina au asetoni kwenye kitambaa safi cha pamba, ukifuta upande mmoja na kugeuza kitambaa mara kwa mara. Kemikali hizo zinashika moto upesi, kwa hiyo tangi la petroli, sigara na jiko la mkaa vikae mbali.

Sasa jaribu kwenye kipande cha nusu mita, mahali pasipoonekana sana. Anza na dawa laini kuliko zote, polishi. Haikutosha, panda kwenye kompaundi, ile wanayotumia mafundi wa rangi za magari. Ikishindwa hata hiyo, ndipo uufikirie msasa wa maji. Mafundi hupenda kuanza na msasa kwa sababu matokeo yanaonekana haraka, lakini kila namba ya msasa inachukua unene ambao huwezi kuurudisha. Kipande chako cha majaribio kikishang'aa kwa kompaundi tu, boti nzima ifanywe hivyo.

Msasa ukilazimu, anza na namba 800 au 1000, uende 1500, umalizie na 2000. Ufunge kwenye kipande cha mpira au mbao laini. Ukishika kwa vidole, vitachimba mifereji ambayo hutaiona mpaka jua la jioni lipige ubavuni. Kabla ya kuanza, chora mistari ya penseli kwenye eneo unalolishughulikia. Lowanisha kwa maji yenye matone ya sabuni, sugua kwa kukandamiza kidogo, na mistari ikitoweka tu, acha. Penseli inakuonyesha ulipopita na inakuzuia kupita mara mbili. Namba ya kwanza isugue kwa ulalo, inayofuata kwa wima, ili mikwaruzo ya awali ijitokeze kama bado ipo. Suuza kabla ya kubadili namba, pamoja na ndoo na mikono. Maji hayo pia yanazuia vumbi lisipande, na hata hivyo vaa barakoa. Kazi hii ya maji ifanywe kwa mkono, mashine ya umeme ikiwa haijachomekwa.

Kwenye kompaundi mashine inasaidia sana, na hapa ndipo boti nyingi huumizwa. Fundi huchukua grainda ya kukatia vyuma, akaifunga pedi, akaanza kazi. Grainda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo jelikoti inaungua kwa sekunde chache, inabadilika kuwa ya njano au kahawia, na pembe zinabaki bila rangi kabisa. Mashine inayofaa ni ile ya polishi yenye kidhibiti cha kasi, ikazungushwa kati ya mizunguko 1,000 na 2,000. Mafundi wa magari wanayo, na kuikodi pamoja na mwenyewe ni bora kuliko kununua grainda ya bei rahisi. Kama umeme ni wa jenereta, waya upitishwe juu, mbali na madimbwi, na uwe na swichi inayojikata umeme unapovuja.

Tumia pedi ya manyoya kwa kompaundi na ya sponji kwa polishi, kila dawa na pedi yake. Funika kingo, mpira wa pembeni, vyuma na namba za usajili kwa tepu ya karatasi. Weka dawa kidogo kwenye eneo la sentimita 60 kwa 60, itandaze mashine ikienda taratibu, kisha ongeza kasi. Pedi ilale bapa na isisimame mahali pamoja. Gusa ubavu kwa kiganja kila mara: ukiwa na uvuguvugu ni sawa, ukikuchoma umezidisha. Dawa ikianza kukauka na kuruka unga, simamisha, safisha pedi kwa brashi, nyunyiza maji kidogo. Ubavu uliopigwa na jua la saa sita haufanyiwi kazi kabisa, kwa kuwa dawa hukauka kabla haijakata. Kwenye pembe za omo na tezi, weka mashine chini na umalizie kwa mkono.

Baada ya polishi, futa boti yote na uikague kwa mwanga wa pembeni. Hapo ndipo nta inapoingia. Chagua iliyotengenezwa kwa boti, yenye kinga ya urujuanimno, paka nyembamba kwa duara, iache ikauke ukungu, kisha pangusa kwa kitambaa laini. Mikono miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mzito. Usipake nta wala polishi kwenye sitaha, ngazi, au popote mguu unapokanyaga. Sitaha iliyopakwa nta ikapata maji huangusha watu, na mtu akianguka boti ikiwa mwendoni anaweza kupasuka kichwa au kutumbukia baharini. Huko sabuni na brashi ngumu zinatosha.

Kwa boti inayolala juani, nta isitarajiwe kuvuka miezi mitatu au minne. Alama yake ni maji: yakimwagika na kujikusanya matone, nta bado ipo, yakitandaa, imekwisha. Ipake tena hapohapo, bila kompaundi. Suuza kwa maji matamu kila boti irudipo, hata ndoo mbili kama kisima kiko mbali, na uifunike kwa turubai lisilogusa ubavu, maana turubai linalopigapiga kwa upepo husugua. Bei ya turubai zuri ni ndogo ukilinganisha na kusugua boti nzima mara kwa mara, na fedha ikiwa ya kitu kimoja tu, mimi ningenunua turubai.

Boti ambayo jelikoti yake imekwisha haina dawa ya kompaundi. Itahitaji jelikoti mpya au rangi ya boti ya sehemu mbili, ile inayochanganywa na kigumu chake. Kupulizia rangi hiyo si kazi ya kujaribia nyumbani: vigumu vya rangi nyingi za aina hiyo vina aisosianeti, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Kabla hujakubaliana bei na fundi, mwambie akuonyeshe vifaa vyake vya kupumulia. Barakoa ya kitambaa haiizuii kemikali hiyo, wala kwake wala kwa watoto wanaokaa karibu kumtazama akifanya kazi.