Somo la Moto wa Mlima Kilimanjaro

Wasomaji wetu, leo twapenda kueleza jinsi moto wa msitu unavyozuiwa, na kazi ibakiyo baada ya kuzimwa.

Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka Kilimanjaro, mahali paitwapo Whona, katika njia ya Marangu. Wakuu wa hifadhi walisema kuwa chanzo chake ni wapagazi waliokuwa wakipasha chakula moto. Upepo ulikuwa mkali, na vichaka vilikuwa vikavu. Watu zaidi ya 500 walipanda kuupiga: askari wa hifadhi, zimamoto, wanafunzi wa chuo cha Mweka na wanavijiji. Hata hivyo ziliungua kilomita za mraba zipatazo 95.

Moto huishi kwa vitu vitatu: hewa, joto, na kitu cha kuungua. Mlimani hewa haizuiliki, na gari la maji halifiki. Basi lililo katika uwezo wetu ni kuunyima chakula. Wahenga walinena: Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Atenganishaye vinga huuzima.

Kwa hiyo watu hufyeka ukanda mbele ya moto, wakakwangua majani hata udongo mtupu uonekane. Wengine huupiga kwa matawi mabichi kutoka ubavuni, wakisimama upande uliokwisha kuungua. Mtu asisimame juu ya moto penye mteremko, maana moto hupanda mbio kuliko miguu yake. Ndimi zikiisha, kazi haijaisha: mizizi na visiki huficha makaa siku nyingi. Sharti vichimbuliwe, na zamu ziwekwe usiku na mchana.

Je, hasara ni kuni tu? Sivyo. Juu ya msitu mkubwa huota miti iitwayo Erika, yenye majani membamba sana. Majani hayo hunasa ukungu, na matone yake hushuka ardhini, yakalisha chemchemi na mito, na mifongo ya Wachaga. Nyasi hurudi upesi, lakini miti hiyo huhitaji miaka mingi. Na ikiungua tena na tena, hubaki vichaka tu. Hivyo dawa kubwa ya kuuponya msitu ni kuulinda usiungue mara ya pili.

Walimu na wakuu wa vijiji, wafundisheni watu kuzika makaa kabla ya kuondoka. Awashaye moto juu hukausha kisima cha walio chini.