Floridi katika Maji ya Kunywa: Kiasi Gani, Wapi na kwa Nani

Utangulizi

Katika kliniki za mama na mtoto, mhudumu wa afya siku hizi huulizwa maswali yaliyosafiri mbali kabla ya kumfikia. Chukulia mfano wa mama wa Arumeru, mkoani Arusha, aliyemleta mtoto wa miezi 20 kupimwa uzito. Mkononi ana simu yenye ujumbe unaodai kwamba floridi ni sumu na kwamba huko Marekani wameanza kuipiga marufuku. “Samahani, nesi,” anasema, “dawa ya meno nimeshaitupa. Je, nimefanya vizuri?”

Swali hilo ni la haki, na halistahili kujibiwa kwa kicheko wala kwa neno “uvumi” pekee. Lakini lipo swali jingine ambalo mama huyo hakuliuliza, nalo ndilo zito zaidi: maji anayopikia uji wa mtoto wake yana floridi kiasi gani? Makala hii inaeleza kwa nini jibu la swali la kwanza hutegemea jibu la swali la pili.

Floridi hutoka wapi?

Floridi ni madini yatokanayo na elementi iitwayo florini. Hupatikana kwa asili katika miamba, udongo na maji. Haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vinavyopatikana katika maji ya kunywa haina ladha ya kuitambulisha.

Katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, miamba ya volkano ina floridi nyingi. Maji ya mvua yanapopenya katika miamba hiyo huiyeyusha floridi taratibu. Pale ambapo maji yana kalsiamu ya kutosha, kalsiamu huikamata floridi na kuifanya igande; pale ambapo kalsiamu ni haba na magadi ni mengi, floridi hubaki ndani ya maji. Hiyo ndiyo hali ya sehemu nyingi za miteremko ya Mlima Meru, na pia ya baadhi ya maeneo ya Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga, na ya Nakuru nchini Kenya.

Mashariki mwa jiji la Arusha upo mto uitwao Maji ya Chai, jina lililotokana na rangi yake ya kahawia. Maji yake yanajulikana kuwa na floridi nyingi. Hata hivyo, rangi hiyo isichukuliwe kuwa kipimo. Chemchemi angavu inaweza kuwa na floridi nyingi, na dimbwi lenye tope likawa na floridi kidogo. Kipimo cha maabara ndicho pekee kinachoweza kutofautisha.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba floridi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 Tanzania iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8 kwa lita, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na chanzo kingine cha maji. Baadaye kiwango hicho kilishushwa hadi miligramu 4, na hatimaye 1.5.

Mjadala ulikoanzia

Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alianza kazi katika mji wa Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wakiwa na madoa ya kahawia kwenye meno. Kwa miaka mingi alitafuta chanzo. Aligundua pia jambo lililomshangaza: meno hayo yenye madoa hayakuoza kwa urahisi. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alibaini kwamba maji ya maeneo yenye tatizo hilo yalikuwa na floridi nyingi. Daktari H. Trendley Dean alilinganisha miji mbalimbali, akaona kwamba floridi ikiwa karibu miligramu 1 kwa lita, kuoza kwa meno hupungua bila madoa mazito kujitokeza. Kutokana na matokeo hayo, tarehe 25 Januari 1945 mji wa Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, ulianza kuongeza floridi katika maji yake.

Tangu hapo ubishi haujakoma. Mwaka 2015 kiwango kinachopendekezwa Marekani kwa maji yanayoongezwa floridi kiliwekwa kuwa miligramu 0.7 kwa lita. Mwaka 2024 Mpango wa Taifa wa Toksikolojia wa nchi hiyo ulitoa tathmini kwamba, kwa uhakika wa wastani, maji yenye floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita yanahusiana na upungufu wa alama za akili kwa watoto. Tathmini hiyo ilisema pia kwamba ushahidi haukutosha kuamua lolote kuhusu miligramu 0.7. Mwaka 2025 Utah likawa jimbo la kwanza kupiga marufuku kuongeza floridi katika maji ya umma.

Ujumbe uliofika kwenye simu ya mama wa Arumeru unatokana na ubishi huo, ila umeacha njiani jambo la msingi. Wamarekani wanabishana iwapo floridi iongezwe hadi kufikia 0.7. Arumeru hakuna anayeiongeza. Kazi iliyopo ni kuipunguza ile iliyowekwa na mlima. Neno ni moja, lakini matatizo ni mawili tofauti.

Hesabu ya ndoo

Enameli ya meno ya kudumu, ukiacha magego ya mwisho, hujengeka tangu utotoni hadi umri wa takriban miaka 8. Floridi ikizidi katika kipindi hicho, enameli hukomaa ikiwa na kasoro. Hali hiyo huitwa florosisi ya meno. Ikiwa nyepesi, huonekana kama mistari myeupe. Ikiwa nzito, meno huwa ya kahawia na kumeguka. Meno ya mbele huathirika zaidi kwa ulaji wa miaka mitatu ya mwanzo. Madoa hayo hayatokani na uchafu na hayaondoki kwa kupiga mswaki. Mtu mzima anayehamia eneo lenye floridi baada ya meno yake kukomaa hapati madoa hayo, ingawa mifupa yake inaweza kuathirika baada ya miaka mingi.

Kikomo kilichowekwa na Taasisi ya Tiba ya Marekani kwa watoto wa umri huo ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 12, basi, asizidishe miligramu 1.2. Iwapo maji ya nyumbani yana miligramu 4 kwa lita, na mtoto akatumia lita moja kwa siku kwa kunywa, uji na mchuzi, ameingiza miligramu 4, zaidi ya mara tatu ya kikomo. Kwa upande mwingine, dawa ya meno ya kiasi cha punje ya mchele, yenye nguvu ya kawaida ya watoto, ina takriban miligramu 0.1, hata kama mtoto ataimeza yote.

Kwa hesabu hiyo, mama aliyetupa dawa ya meno ameondoa kijiko na kuiacha ndoo. Ushauri sahihi ni kupunguza kiasi: punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka 3, punje ya njegere kwa wa miaka 3 hadi 6, mzazi akisimamia na mtoto akifundishwa kutema. Katika maeneo mengi ya pwani, ambako floridi ya maji ni kidogo, kuitupa dawa ya meno kungemnyima mtoto kinga muhimu dhidi ya kuoza meno.

Chai, kafeini na magadi

Mjadala mwingine wa kila siku unahusu kafeini. Wapo wanaoamini kwamba kafeini ndiyo ubaya wote wa chai. Kwa mtu mzima mwenye afya, kafeini isiyozidi miligramu 400 kwa siku haijaonekana kuleta madhara. Kikombe cha chai huwa na takriban miligramu 30 hadi 50, na cha kahawa 80 hadi 100. Mjamzito anahitaji tahadhari zaidi: mamlaka za Ulaya zinashauri asizidi miligramu 200, na Shirika la Afya Duniani linamtaka anayezidi 300 apunguze.

Lakini chai ina mengine yasiyo kafeini. Mchai hunyonya floridi kutoka udongoni na kuihifadhi katika majani, hasa yaliyozeeka. Kuondoa kafeini hakuondoi floridi. Chai iliyochemshwa kwa maji yenye floridi huwa na floridi ya maji na ya majani kwa pamoja. Vilevile, tanini za chai huzuia mwili kunyonya madini ya chuma yatokanayo na mboga na nafaka; mwenye upungufu wa damu anashauriwa aachanishe chai na chakula kwa takriban saa moja. Mtoto mdogo hana sababu ya kupewa chai ya rangi.

Magadi nayo yasisahauliwe. Yale yanayochimbwa au kukusanywa katika maeneo ya Bonde la Ufa na kutumiwa kulainisha maharage, makande au mboga yanaweza kuwa na floridi nyingi sana. Kuloweka maharage usiku kucha hupunguza haja ya kuyatumia.

Ukame na joto

Mabadiliko ya tabianchi hayaumbi floridi. Chanzo chake ni miamba. Hata hivyo, yanaweza kubadilisha kiasi kinachomfikia mtu. Ukame unapokausha vijito na matangi ya mvua, kaya hukimbilia visima virefu, na katika maeneo ya volkano baadhi ya visima hivyo vina floridi nyingi. Jua kali huvukiza maji na kuacha madini. Zaidi ya hayo, siku ya joto mtu hunywa maji mengi zaidi, hivyo maji yaleyale humpa floridi nyingi kuliko siku ya baridi. Mwaka 1962 Marekani ilizingatia jambo hilo ilipopendekeza kati ya miligramu 0.7 na 1.2 kwa lita, kiwango cha chini kikiwa cha maeneo yenye joto. Kwa hiyo kisima kilichopimwa mara moja msimu wa masika kinastahili kupimwa tena kiangazi.

Kinachoondoa na kisichoondoa

Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Lita 5 zenye miligramu 3 kwa lita zikichemshwa hadi kubaki lita 4, kila lita huwa na miligramu 3.75. Klorini, kitambaa, mkaa wa kawaida na chujio la udongo navyo haviondoi floridi.

Njia inayojulikana vizuri Arusha ni mkaa wa mifupa, uliofanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto. Mifupa ya wanyama huchomwa kwa joto kali lenye hewa kidogo, kisha maji hupitishwa humo. Madini ya mfupa huikamata floridi katika chujio kama ambavyo yangeikamata ndani ya mwili. Baada ya muda mkaa hujaa na hauna budi kubadilishwa. Ladha ya maji haitamwonya mtumiaji. Mahali ambapo dini au mila hugusa suala la mifupa, asili yake ielezwe wazi kabla chujio halijafungwa. Njia nyingine ni kutumia shabu na chokaa kwa vipimo vya mtaalamu, au mashine za utando mwembamba.

Maji ya mvua karibu hayana floridi. Yakivunwa kutoka paa safi, mvua ya kwanza ikaachwa ipite na maji yakatibiwa, hufaa sana kwa kunywa na kupikia. Yasipotosha kwa wote, yatengwe kwa ajili ya watoto. Hata kuchanganya nusu kwa nusu na maji ya kisima hupunguza floridi karibu kwa nusu. Maji ya kufulia na kuogea hayahitaji kuondolewa floridi.

Onyo moja ni la lazima. Asiyetaka floridi asikimbilie maji yasiyo salama. Kipindupindu huua kwa saa chache. Floridi huchukua miaka. Klorini inabaki kuwa rafiki wa kaya, hata pale ambapo inahitajika njia nyingine ya kuondoa floridi.

Kwa mhudumu wa afya

Mtoto mwenye miguu iliyopinda katika maeneo haya asihukumiwe moja kwa moja kuwa na matege ya upungufu wa vitamini D. Chanzo cha maji kiulizwe. Mtu mzima mwenye ukakamavu wa shingo, mgongo na viungo naye aulizwe. Mgonjwa wa figo yuko hatarini zaidi, kwa kuwa figo ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya floridi mwilini. Mama ahimizwe kunyonyesha maziwa pekee kwa miezi 6: maziwa yake huwa na floridi kidogo mno, hata kama yeye anakunywa maji yenye floridi nyingi.

Kijana mwenye meno ya kahawia asiambiwe kwamba hapigi mswaki. Wengi huacha kucheka hadharani kwa sababu ya maneno hayo. Aelezwe chanzo, na aelekezwe kwa daktari wa meno, ambaye anaweza kuboresha mwonekano wake.

Hitimisho

Mama wa Arumeru anastahili jibu lililo kamili. Arudishe dawa ya meno kwa kiasi cha punje ya mchele. Maji ya kisima yapimwe kupitia ofisi ya maji ya wilaya. Wakati majibu yakisubiriwa, uji na maji ya mtoto vitoke katika tangi la mvua, na magadi yakae mbali na sufuria. Anayeuliza kama floridi ni sumu au ni kinga aulizwe kwanza: ni kiasi gani, wapi, na anayekunywa ana umri gani?