Bure si Huru: Somo Juu ya Vikundi Vyetu vya Simu



Katika somo la leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo karibu kila nyumba ya mtaa wetu inalijua, yaani vikundi vya simu. Kwaya ina kikundi chake, Umoja wa Akina Mama una chake, vijana wana chao, na kamati ya mazishi haiwezi tena kufanya kazi bila hicho. Hatuandiki ili kuvilaumu. Twaandika kwa sababu ya jambo lililotupata sisi wenyewe.

Sisi waalimu wastaafu tuliosoma pamoja chuo cha ualimu tulikuwa na ukurasa katika mtandao mmoja mkubwa, ambao hatutautaja jina. Kwa miaka mingi tulikusanya humo picha za zamani: shamba la mahindi la chuo, mazoezi ya kufundisha, mahafali. Asubuhi moja tukakuta ukurasa umefungwa. Tuliandika kuuliza sababu. Jibu lililokuja liliandikwa na mashine, likisema kwamba tumevunja kanuni, wala halikusema kanuni gani. Tukaandika mara ya pili na ya tatu, kimya. Miongoni mwa picha zile ilikuwamo moja ya mwenzetu aliyefariki, amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi. Picha yenyewe ya karatasi ilikwisha kuliwa na mchwa. Binti yake alipotuomba nakala, hatukuwa na la kumjibu.

Hapo ndipo tulipojiuliza swali ambalo yatupasa kuliuliza mapema: nyumba ile tuliyokutania ilikuwa ya nani?

1. Tofauti ya bure na huru

Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo haya mawili, na kwa hiyo wenyewe hulazimika kueleza sana. Sisi tuna maneno mawili. Kitu cha bure ni kile usichokilipia fedha. Kitu huru ni kile kisichokufunga. Mtandao mkubwa ni wa bure, lakini si huru. Kampuni hupata fedha zake kwa matangazo ya biashara, na matangazo hupata thamani kwa kujua sisi ni nani na twatazama nini. Wazee walisema, rahisi ghali.

Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza mradi wa kutengeneza programu za kompyuta zilizo huru, akauita GNU. Mwaka 1985 akaanzisha shirika la Free Software Foundation. Kwa mafundisho yao, programu ni huru ikiwa mtumiaji ana ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuyasoma maandishi yaliyoiunda na kuyabadili, kuwagawia wengine nakala, na kuwagawia wengine nakala alizozibadili. Kwa Kiswahili twaziita programu huria.

Faida ya ruhusa hizo si ya mafundi peke yao. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden waliichukua programu huria ya kazi za ofisi, wakaitafsiri, ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Hawakulazimika kungoja mwenye kampuni aone kwamba Kiswahili kina faida kwake. Ruhusa walikuwa nayo tayari.

2. Nyumba zilizofungwa

Mtu aweza kusema kwamba yaliyotupata ni bahati mbaya ya watu wachache. Tutazame mifano miwili. Google ilifungua mtandao wake wa Google+ mwaka 2011. Aprili 2019 iliufunga kwa watu wa kawaida. Yahoo Groups ilikuwa nyumba ya vikundi vya kila namna tangu mwaka 2001. Oktoba 2019 watu walizuiwa kuongeza jambo lolote humo, kisha picha na kumbukumbu zikafutwa, na tarehe 15 Desemba 2020 huduma yote ikafungwa. Ni kweli kwamba watu walitangaziwa mapema. Lakini waliokuwa wagonjwa, au safarini, au wamekwisha fariki, hawakuweza kuhamisha vitu vyao.

Tena nyumba yaweza kubaki wazi na mwenye nyumba akabadilika. Twitter ilinunuliwa na Elon Musk Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, na Julai 2023 hata jina likawa X. Wapangaji hawakuulizwa.

3. Nyumba nyingine zilizopo

Mastodon ulianzishwa mwaka 2016 na kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko. Ni mtandao wa kuandikiana habari fupi na picha, lakini hauna kompyuta moja kuu. Kila kundi laweza kuweka seva yake, na seva hizo huzungumza kwa kanuni moja iitwayo ActivityPub, iliyopitishwa Januari 2018 na shirika la W3C linaloweka kanuni za wavuti. Mfano wake ni mitaa ya kanisa. Kila mtaa una wazee wake na daftari lake, lakini Mkristo akihama hupewa barua, akapokelewa kule aendako. Katika Mastodon pia mtu aweza kuhama seva pamoja na wale wanaomfuata, ingawa maandishi yake ya zamani hubaki alikotoka.

Kwa mazungumzo ya kikundi iko kanuni iitwayo Matrix, iliyoanza mwaka 2014. Wengi huitumia kwa programu ya Element. Serikali ya Ufaransa iliitumia Matrix kuwatengenezea watumishi wake njia ya mazungumzo iitwayo Tchap, iliyozinduliwa mwaka 2019. Signal nayo ni programu huria, inasimamiwa na shirika lisilotafuta faida, na ni rahisi kwa mtu aliyezoea vikundi vya kawaida. Lakini tufahamu kwamba yataka namba ya simu, na huduma yake hutoka mahali pamoja tu.

4. Gharama zake

Mwalimu asiyetaja ugumu wa somo huwadanganya wanafunzi. Seva hukodiwa kwa fedha, na lazima awepo mtu wa kuitunza. Mtunzaji akichoka, au akihama mji, seva ndogo hufungwa kama zile kubwa zilivyofungwa. Tena nyumba huru isiyo na watu haifai kitu: sisi tulipowaalika wenzetu katika nyumba mpya, walikuja wachache, wengine wakasema macho hayawezi tena kujifunza vitufe vipya. Hatukuwalaumu. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

5. Tulilolifanya

Basi tulikubaliana hivi. Salamu, habari za ugonjwa na matangazo ya misiba hubaki katika kikundi cha kawaida, maana huko ndiko watu waliko. Lakini orodha ya wanachama, hesabu ya michango na picha hazikai tena huko peke yake. Vijana wawili wanatutunzia seva ndogo ya programu huria, nasi twachanga kodi yake. Kila baada ya miezi mitatu nakala ya vyote huwekwa katika diski mbili, nazo hukaa katika nyumba mbili tofauti. Maneno ya siri yanajulikana na watu wawili, kama vile sanduku la fedha la kanisa lisivyokuwa na mshika ufunguo mmoja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lililo mikononi mwa mgeni ni nusu ya daftari.

Picha ya mwenzetu haijapatikana. Twaomba kila aliyesoma nasi atazame tena katika masanduku yake.

Maswali ya kuzungumza

1. Kikundi chenu kikifungwa usiku wa leo, ni kitu gani kitapotea ambacho hakipo mahali pengine?
2. Ni watu wangapi wanaojua maneno ya siri ya kikundi chenu? Mmoja akifariki, itakuwaje?
3. Ni mambo gani ya kikundi chenu yanayofaa kukaa katika nyumba ya kupanga, na ni yapi yanayostahili nyumba yenu wenyewe?
4. Je, yuko kijana katika mtaa wetu awezaye kutunza seva, nasi tuko tayari kuchanga?