SOMO: FUNDI WA MATANDIKO NA KAZI ISIYOONEKANA

Leo tujifunze kutoka kwa fundi wa mbali. Mji wa Cheyenne, jimbo la Wyoming, Marekani, ulianza mwaka wa 1867 wakati reli ilipokuwa ikijengwa. Huko kauboi, yaani mchunga ng'ombe, alishinda juu ya farasi kutwa nzima. Fundi mmoja aliyesifika hapo kwa matandiko ya farasi ni Frank Meanea, aliyefariki mwaka wa 1928.

Kauboi alipata kama dola 30 au 40 kwa mwezi. Tandiko zuri liliweza kumaliza mshahara wote huo, hata kupita. Kwa hivyo hakutaka mchezo.

Hebu tuone kazi yenyewe:

1. Fundi huanza na kiunzi cha mbao. Hukifunika kwa ngozi mbichi iliyoloweshwa, akaishona. Ikikauka hujikaza, na mbao hushikana imara.

2. Huchukua ngozi nene iliyotiwa dawa ya magome ya miti, huilowesha kidogo, kisha huikandamiza juu ya kiunzi mpaka ishike umbo lake.

3. Hutoboa kwa msharasi na kushona kwa uzi uliopakwa nta.

4. Upande wa chini huweka ngozi ya kondoo yenye manyoya, ili mgongo wa farasi usichubuke.

5. Mwisho hupiga muhuri wa jina lake.

Sasa angalieni. Tandiko likiisha, kiunzi hakionekani tena. Fundi mjanja angeweza kutumia mbao mbovu, na mnunuzi asijue siku ile. Lakini kamba ikifungwa kwenye tandiko na fahali avute, kiunzi kibovu huvunjika. Kikiwa hakilingani na mgongo, farasi hupata vidonda, na kauboi hana kazi.

Tena wateja wengi waliagiza kwa barua, wakichagua kwenye kitabu cha picha na bei. Hawakugusa ngozi wala kumwona fundi. Walichoamini ni lile jina kwenye muhuri. Kweli, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Maswali ya kujadiliana:

(a) Katika kazi ya kikundi chetu, iwe ni vikapu, asali au matofali, ni sehemu gani mnunuzi haioni?

(b) Nani huikagua kabla haijafunikwa?

(c) Mmoja wetu akiharibu, jina la nani huharibika?