Je, Ndoa Bado Ina Maana kwa Kijana wa Leo?



Huku Kidodi, msimu wa kukata miwa ukianza, vijana wengi hutoka mbali kuja kutafuta kazi. Mtu anapanga chumba, na haupiti muda chumba kina watu wawili. Hakuna mahari, hakuna padre. Ni "sogea tukae". Ukiwauliza, wanakujibu: "Frateri, ndoa ya nini siku hizi? Si tunaishi vizuri tu?"

Tusiwabeze, wana hoja. Wameona ndoa zikivunjika, wameona na gharama za harusi. Lakini tutafakari mambo matatu.

1. Kuishi pamoja si jambo dogo.
Hata serikali inalijua hilo. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, hadi jamii ikawaona mke na mume, watadhaniwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Shida ni kwamba mara nyingi jambo hili hufika mahakamani mmoja akiwa ameshaondoka. Aliyebaki na watoto ndiye anahangaika kuthibitisha ndoa ambayo hakuna aliyeitamka.

2. Ndoa ni ahadi.
Kanuni ya 1057 ya Sheria ya Kanisa inafundisha kuwa kinachofanya ndoa ni ridhaa ya hao wawili. "Sogea tukae" inasema: nipo kwa sababu mambo bado mazuri. Ahadi inasema: nipo, hata msimu ukiisha. Mtakatifu Thomas wa Akwino aliuona upendo wa mume na mke kuwa urafiki mkubwa kuliko wote, ndiyo maana unapaswa kudumu. Naye Yesu, alipoulizwa kuhusu talaka (Mt 19:3-9), aliwarudisha watu kwenye mpango wa Mungu tangu mwanzo.

Ila tusidanganyane: ahadi si kibali cha kupigwa. Kanuni ya 1153 inaruhusu kutengana pale mmoja anapomhatarisha mwenzake au watoto.

3. Harusi siyo ndoa.
Ukumbi, sare, MC na kadi za michango ni mambo yetu tu. Kanisa linataka ridhaa yenu mbele ya padre au shemasi na mashahidi wawili. Mnaweza kufunga ndoa kwenye Misa ya kawaida, mkarudi nyumbani mkala wali na ndugu zenu. Mahari haijatimia? Wazee wanazungumzika. Kama tayari mnaishi pamoja, msione aibu; muoneni katekista wa kigango au paroko.

Maswali ya kutafakari:
- Ninachokiogopa ni ndoa yenyewe, au gharama ya harusi?
- Niliye naye leo, je, amewahi kusikia ahadi yoyote kutoka kwangu?

Tuwaombee vijana wote walio katika uchumba, Mungu awape ujasiri wa kusema "ndiyo" na kuishika.

Tumsifu Yesu Kristo!