Kidonda cha operesheni hupakwa nini?

Mgonjwa akirudi nyumbani baada ya kupasuliwa, hazipiti siku mbili kabla ya jamaa na majirani kumwuliza anapaka nini. Mmoja humletea spiriti, mwingine hufungua kapsuli ya tetrasaiklini na kunyunyiza unga wake kwenye mshono. Akina mama waliojifungua kwa upasuaji huwajua sana washauri hawa. Ukweli ni kwamba mshono safi, usio na usaha, kwa kawaida hauhitaji kupakwa dawa yoyote.

Kidonda kilichoshonwa hufunikwa na ngozi changa kwa muda wa siku mbili hivi. Ndiyo sababu huambiwa usiguse bendeji kwa saa 48, isipokuwa imelowa au kuchafuka. Baada ya hapo, maji safi yanayotiririka yanatosha. Kausha kwa kitambaa safi bila kusugua.

Spiriti huua viini, lakini huua pia chembechembe zinazounda ngozi mpya. Ule mchomo wake ambao watu huuona kuwa ndiyo dawa inafanya kazi ni dalili ya kuumia. Unga wa kapsuli ni mbaya zaidi. Ulitengenezwa umezwe. Ukinyunyizwa, hugandamana na majimaji ya kidonda ukawa gamba, na chini ya gamba usaha hujificha. Isitoshe, viini huizoea dawa, na siku utakapoihitaji kweli haitakufaa.

Wengi hunyunyiza unga kwa kuamini kwamba lazima kidonda kikauke. Mwaka 1962, mtafiti George Winter wa Uingereza alionyesha, kwa kuchunguza nguruwe, kwamba kidonda chenye unyevu kidogo hufunikwa na ngozi upesi zaidi kuliko kilichoachwa kikauke.

Je, mafuta ya antibiotiki? Mwaka 1996 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 900 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi. Baadhi walipakwa mafuta ya antibiotiki, wengine mafuta mazito ya kawaida, ya aina ya Vaseline. Vidonda vilipona sawasawa. Tofauti ni kwamba wachache waliopakwa dawa walivimba na kuwashwa kwa sababu miili yao iliikataa. Wa mafuta ya kawaida, hata mmoja. Kwa hiyo aliyetolewa uvimbe mdogo kwenye ngozi anaweza kutumia mafuta hayo, ila yawe ya chupa mpya. Si ile ambayo nyumba nzima huchovya vidole!

Jihadhari na krimu za kuponya kila kitu zinazouzwa kwenye kemisti. Nyingi zina betamethasoni, ambayo hupunguza mwasho lakini huchelewesha kidonda kupona.

Asali nayo ina sifa yake, wala si ya bure: husaidia vidonda vya operesheni vilivyoingiwa na viini. Lakini ile ya hospitalini imeuliwa vijidudu kwa miale maalumu. Ya kando ya barabara ni ya chai.

Mwenye kisukari, sukari yako ikipanda hakuna krimu itakayokuponya.

Mshono ukizidi kuwa mwekundu na moto, ukitoa usaha au harufu, ukiachana, au ukishikwa na homa, usitafute cha kupaka. Rudi hospitalini siku hiyo hiyo.