Somo la Leo: Gharama za Kuchapa Riwaya kwa Fedha Yako



Huku kwetu Kasulu na Kibondo wapo watu walioandika hadithi ndefu kwenye madaftari, tena hadithi nzuri. Mwenye hadithi anasema: "Nauza ng'ombe mmoja na magunia ya maharage, nichape kitabu changu." Haya, kabla ng'ombe hajatoka zizini, tusome kwanza somo hili.

Jifunze maneno mawili. Mchapaji ni mwenye mashine. Unamlipa, anakuchapia, anakukabidhi vitabu. Vikiuzwa au visiuzwe, hayamhusu. Mchapishaji ni mtu mwingine. Huyo hugharimia kitabu kwa fedha yake, hukiuza, kisha humpa mwandishi sehemu ndogo ya mauzo. Sehemu hiyo huitwa mrabaha. Basi ukichapa kitabu kwa fedha yako, wewe mwenyewe umekuwa mchapishaji. Wengi hawalitambui hilo mpaka vitabu vimeshafika nyumbani.

Sasa tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Mchapaji wa Dar es Salaam anasema vitabu 500 ni shilingi 2,000,000. Mwandishi anagawanya, anapata shilingi 4,000 kwa kitabu. Anasema nitauza 6,000, faida 2,000. Anafurahi.

Lakini hajahesabu mambo mengine. Kupiga chapa madaftari: 100,000. Mhariri wa kusahihisha lugha: 300,000. Mchoraji wa jalada: 150,000. Safari ya Dar es Salaam kusoma prufu, yaani karatasi za majaribio: 250,000. Treni kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,200, na huko utalala na utakula. Usipokwenda, kosa litachapwa mara 500, na hapo hakuna kifutio. Kusafirisha vitabu mpaka Kasulu: 80,000. Jumlisha vyote. Ni shilingi 2,880,000. Kitabu kimoja kimekula shilingi 5,760.

Liko na jambo la kurasa. Mara nyingi mchapaji hutumia karatasi kubwa inayokunjwa ikatoa kurasa 16. Kitabu cha kurasa 130 hakitoshi karatasi 8, maana 8 mara 16 ni 128. Kwa ajili ya kurasa 2 tu unalipia karatasi ya 9, na kurasa 14 zinabaki nyeupe. Afadhali upunguze maneno kidogo.

Haya, vitabu vimefika. Mwenye duka hanunui kwa fedha taslimu. Anachukua kwa mali kauli: vikiuzwa atakulipa, visipouzwa utavichukua. Tena anataka sehemu yake. Tuseme anachukua theluthi moja. Kitabu cha 6,000 kinakupa wewe 4,000, nawe kimekugharimu 5,760. Kila kitabu kinachouzwa kinakula fedha yako. Ukipandisha bei mpaka 9,000 utapata 6,000, lakini ni nani sokoni Kibondo ataacha kununua sukari akanunua riwaya?

Shemeji naye anataka cha bure. Mwalimu, mwenyekiti wa kijiji na mzee aliyekusimulia hadithi, wote wapewe. Hapo 50 vimekwenda. Vilivyobaki viko chini ya kitanda, na masika yetu unayajua. Unyevu ukiingia gundi inaachia. Mchwa nao hawahitaji kisomo ili kula kitabu. Tuseme umeuza 200. Umepata 800,000. Umepoteza 2,080,000, yaani yule ng'ombe na ndama wake.

Wapo waliotangulia. Elvis Musiba, mtunzi wa riwaya za Willy Gamba, alitolewa kitabu chake Kufa na Kupona na East African Literature Bureau mwaka 1974. Baadaye vitabu vyake vilitoka kwa kampuni yake mwenyewe, Continental Publishers. Ben Mtobwa, mzaliwa wa mkoa wetu wa Kigoma, aliyefariki mwaka 2008, alianzisha Heko Publishers. Lakini angalia: Musiba alikuwa mfanyabiashara, na Mtobwa alikuwa mwandishi wa habari. Kila mmoja alikuwa na kazi nyingine ya kumlisha.

Kwa hiyo jaribu kwanza kumpata mchapishaji. Kungoja kunachosha, lakini kungoja hakuli ng'ombe. Iko pia Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2023, na mshindi wa kwanza wa riwaya alipata shilingi 10,000,000. Ukiona lazima uchape mwenyewe, tafuta mchapaji anayekubali kuchapa vitabu 50. Kila kimoja kitakuwa ghali zaidi, lakini hasara yake unaweza kuibeba. Namba ya kitabu, iitwayo ISBN, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Waulize wenyewe, usimpe mtu wa kati fedha.

Maswali ya kujadiliana

1. Mchapaji na mchapishaji wana tofauti gani?
2. Kitabu cha kurasa 150 kitahitaji karatasi ngapi za kurasa 16? Kurasa ngapi zitabaki nyeupe?
3. Katika mfano wetu, mwandishi angeuza vitabu vyote 450 vilivyobaki kwa mali kauli, angepata faida au hasara? Kiasi gani?